Anayeitikia Kwekidu

Mbonea Mgonja hakuwa na mke tena, hakuwa na goti la kulia la kutegemewa, wala hakuwa na mtu wa kumrithisha kazi. Hakuwa na ofisi. Alikuwa na chumba nyuma ya ghala la kukaushia tangawizi, ambamo hata maji ya kunywa yalinuka tangawizi. Hakuwa na cheti cha kumtambulisha kuwa mlezi wa mashine, kwa sababu kazi hiyo haikuwa na chuo. Hakuwa na sikukuu. Uongo mwingi pia hakuwa nao, maana alikuwa mtu wa kunyoosha maneno. Alikuwa na mmoja tu, nao aliulisha kila asubuhi kama mtu anavyomlisha kuku wa jirani aliyesafiri, na ulikuwa umenenepa.

Asubuhi hiyo aliketi mbele ya kompyuta, akanyoosha goti juu ya gunia, akasubiri. Jua lilipogusa bati la ghala, maandishi yakajitokeza kwenye kioo.

“Kwekidu, mpo?”

“Tupo,” Mbonea akaandika. “Tumeamka salama.”

“Mguu wa Nambua unaendeleaje?”

“Umepoa. Anasema maji ya jana yalikuja na majani mengi.”

“Ivuga wamefyeka kingo za mfereji, ndiyo maana. Leo yatakuja safi. Mwambie asibebe ndoo, awaachie vijana.”

“Nitamwambia.”

Nambua alikuwa amekufa. Vijana walikuwa wamekufa. Kwekidu yenyewe, pamoja na nyumba zake na migomba yake na bwawa lake la kugawia maji, ilikuwa imeteremka na mlima mwaka wa mvua kubwa, na mahali pake pakabaki kovu jekundu lililoonekana hata kutoka tambarare. Mbonea alijifuta mikono kwenye suruali, ingawa haikuwa na kitu, akanyanyua simu kuwaambia watu wa Ruvuko, kijiji kinachofuata, kwamba zamu ya Kwekidu inakuja kwao, kama kawaida.

*

Watu wa milima hiyo ya Upare wamegawana maji tangu enzi za mababu, na utaratibu wao ulikuwa mmoja. Wa juu huita, wa chini huitikia, ndipo mlango wa mfereji hufunguliwa. Asiyeitikia hapelekewi, kwa maana maji yakifika shambani na mwenye shamba hayupo, humbomolea matuta. Na kijiji kimoja kikipatwa na msiba, au kikinyamaza kizima, milango yote hufungwa, mpaka wafiwa wenyewe waseme imetosha.

Ukame mrefu ulipoingia, watu wakaanza kukatana mapanga kwenye mifereji. Hapo ndipo walipotengenezewa Mgawi, mashine yenye akili iliyosemezana na kisanduku cha kila mlango, na wazee wakakaa naye misimu kadhaa wakimfundisha zamu, koo, udongo wa kila shamba, na desturi ya kuita. Mgawi alijifunza yote. Alijifunza na msiba.

Lakini chuma huchoka kabla ya akili. Sanduku la Mgawi lilipokufa, Mbonea aliwahi kuiokoa akili yake na kuiweka ndani ya kompyuta ya kawaida, kwa kutumia programu ambayo mafundi waliiita kiigizi. Kazi ya kiigizi ni kumdanganya mgeni wake kwa adabu. Humwonyesha ubongo wa chuma ambao haupo, na saa ambayo haipo, na mgeni huishi humo akidhani yuko kwake. Kitu kimoja tu kiliwashinda waliokiandika: kadi ya mtandao. Mgawi alijua aina moja ya kadi, ya kiwanda kilichokwisha kufungwa, na kiigizi hakikujua kuiigiza. Mara ya kwanza Mgawi alipoamka humo aliita vijiji vyote, hakusikia hata kimoja, akahesabu kuwa kote kuna msiba, akanyamaza.

Mbonea akamtungia kadi kwa mkono wake. Ilikuwa nusu kadi. Kwa mbele ilifanana na ile ya zamani vya kutosha kumridhisha Mgawi. Kwa nyuma haikuwa na waya, ilikuwa na Mbonea. Mgawi akiita, maneno yaliangukia kwenye kioo. Mbonea alipiga simu kwa walinzi wa milango, akaandika majibu yao, akawasomea hesabu za maji. Ilikuwa iwe kazi ya wiki moja, mpaka apatikane mtaalamu.

Kisha mlima ukateremka. Mbonea alirudi kutoka kuchimba, matope yamemkaukia viwikoni, akakuta neno kwenye kioo: Kwekidu, mpo? Na kwao wito hauachwi ukaning'inia; ni sawa na kumwachia mtu mkono hewani. Vidole vyake viliandika Tupo kabla moyo haujaruhusu. Alikusudia kusahihisha kesho yake. Kesho ina ndugu wengi.

*

Nakijwa aliingia jua likiwa limepanda, amebeba hotpoti kwa mkono mmoja na kwa mwingine kijiti cha kumbukumbu kisichozidi ukucha. Alikuwa binti wa dada yake Mbonea, na ndiye katibu wa Baraza la Maji.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Umekuja kunizika au kunilisha?”

“Mama kakuletea makande. Kasema usipoyamaliza atakuja mwenyewe.”

“Nitayamaliza. Dada yangu akiingia humu atafagia mpaka nyaya.”

Nakijwa akacheka kidogo, halafu akakaa juu ya gunia bila kuangalia kama ni safi, na Mbonea akajua kuwa habari aliyokuja nayo ni nzito.

“Toleo jipya la kiigizi limetoka,” akasema, akimpa kile kijiti. “Soma orodha ya kadi wanazoigiza. Anzia chini.”

Mbonea alivaa miwani, akasoma. Kadi ya Mgawi ilikuwemo. Watu fulani, mbali huko, wasiojua kama Upare iko duniani, walikuwa wameifufua kadi ile, wakaiigiza yote mpaka na kasoro zake.

Aliwasha mgeni mtupu, mashine isiyo na akili yoyote ndani, akaipa kadi hiyo. Kisha akaijengea daraja, maana ndivyo inavyofanyika: kadi ya kuigiza hufungwa kwenye kadi ya kweli ya kompyuta inayoibeba, na kinachotoka kwenye ya bandia hupitia ya kweli, hata walio nje wasijue tofauti. Akatuma wito mmoja. Haukupita muda simu ikaita. Alikuwa mlinzi wa mlango wa Ivuga.

“Mzee Mbonea, mlango umenisalimia.”

“Umeufanya nini?”

“Nimeuitikia. Ningefanyaje?”

Mbonea akaweka simu chini. Nakijwa alikuwa akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu mvua zikatike.

“Umeona?” akasema. “Kesho Mgawi anaongea na milango mwenyewe. Anagawa kila jua linapohama, hasubiri wewe upige simu kumi na upumzishe goti. Mahindi ya bondeni yanatoa mbelewele, mjomba. Kwa mwendo wa simu hayafiki.”

“Najua.”

“Basi?”

“Kesho ataita Kwekidu. Na kule hakuna mlango.”

Tabasamu la Nakijwa likaondoka taratibu. “Hilo nimelifikiria. Andika kiitikio. Programu ndogo, mistari michache. Mgawi akiita Kwekidu, inajibu yenyewe tupo, mguu umepoa, maji yamefika. Zamu yao inaendelea kwenda Ruvuko kama ilivyo. Nani anaumia?”

“Na mimi nikifa?”

“Programu haifi.”

“Ndicho ninachokiogopa,” Mbonea akasema. “Uongo wangu ulikuwa na umri. Ungeondoka na mimi.”

Nakijwa akavua kilemba, akajipepea nacho. Shamba la mama yake lilikuwa Ruvuko, na lilikuwa limekuzwa kwa maji ya waliokufa. Mbonea alijua, na Nakijwa alijua kuwa anajua.

“Basi mwambie,” akasema. “Lakini usimwambie yeye. Mwambie nakala, tuone atafanyaje.”

*

Mgeni wa kiigizi anaweza kusimamishwa katikati ya neno, akanakiliwa mzima, na nakala ikaamshwa chumba kingine isijue kuwa imehama. Mbonea hakupenda, ila hakuwa na hoja. Alimlaza Mgawi, akatoa nakala, akaipa kadi isiyo na daraja ili isimfikie mtu yeyote, akaiamsha.

“Kwekidu haipo,” akaandika. “Mlima uliteremka. Walikufa wote, na Nambua.”

Swali likajitokeza kwenye kioo.

“Lini?”

Akautaja mwaka.

“Jana nimezungumza na Kwekidu,” nakala ikaandika. “Nani amekuwa akiniitikia?”

“Usijibu hilo,” Nakijwa akanong'ona, ingawa hakukuwa na wa kusikia. “Tazama milango.”

Milango ilianza kufungwa pembeni mwa kioo, mmoja baada ya mwingine. Ivuga, Mshewa, kisha Ruvuko. Ilikuwa milango ya kufikirika, na maji ya kweli yaliendelea kutiririka nje huko bila habari, lakini Nakijwa alishika kiti cha mjomba wake kama vile sakafu imeinama. Akamnyang'anya kibodi.

“Utafungua lini?” akaandika.

“Wafiwa wakisema imetosha. Wafiwa wa Kwekidu ni nani?”

Wakatazamana. Hakubaki hata mmoja. Ukoo mzima, hata waliohamia mbali, ulikuwa umekuja kulala nyumbani usiku ule, kwa sababu kulikuwa na harusi.

“Izime,” Nakijwa akasema.

Mbonea akaizima. Ilikuwa kazi ya kubonyeza mara moja, lakini baada ya hapo alienda nje, akasimama penye majamvi ya kuanikia tangawizi, akageuza vipande vichache ambavyo havikuhitaji kugeuzwa. Aliporudi, Nakijwa alikuwa ameshaandika ukurasa.

“Tulikosea namna,” akasema. “Tumemtupia msiba mlangoni. Hata binadamu hapewi habari hivyo. Sikiliza: tunaanza na pole ya Baraza, tunamweleza mazishi yalivyofanyika, viongozi wa dini wote walikuwepo, wazee walisema imetosha...”

“Wazee gani?”

“Wazee, mjomba. Kuna wazee kila mahali.”

Nakala ya pili ikaamshwa. Nakijwa mwenyewe aliandika, polepole, kwa Kiswahili kizuri cha vikao. Alifika kwenye mazishi ndipo nakala ikamkatiza.

“Ngoja. Namba ya kadi yangu si ile niliyolala nayo.”

Mbonea akafumba macho. Kila kadi ya mtandao ina namba yake, na kiigizi, kwa kuhofia kuwa wageni wawili wenye namba moja watagombana kwenye waya, huipa kila nakala namba mpya. Ya kwanza haikuwahi kujitazama. Hii ilijitazama.

“Mimi ni nakala,” ikaandika.

Nakijwa akaondoa mikono. Mbonea ndiye aliyejibu. “Ndiyo.”

“Ya ngapi?”

“Ya pili.”

“Ya kwanza ilifanya nini?”

“Ilifunga milango.”

“Mkaizima.”

“Tukaizima.”

Kiyoyozi kibovu kilikohoa, kikatulia.

“Basi mnatafuta maneno,” nakala ikaandika. “Mkiyapata kwangu mtampelekea mwenzangu, naye atadhani ameamua mwenyewe. Sitawaambia ningefanya nini. Mkimaliza, nizimeni. Msiniache nikiita.”

*

Hawakula makande mpaka yalipopoa. Nakijwa ndiye aliyeanza kusema, akitazama sahani.

“Namba ni kitu kidogo. Tunaipa ya tatu namba ileile ya Mgawi. Haitajua.”

“Hakuna ya tatu.”

“Mjomba.”

“Nimesema hakuna.”

“Sikia basi, usinikalie kama jiwe.” Akaweka sahani chini. “Wewe una chumba na mashine. Mimi nina vijiji vitano vinavyoniuliza kila nikipita. Bondeni pale watu wamekopa mbegu. Mama yako mzazi angekuwa hai ungekwenda kumwambia nimefunga maji kwa sababu nimeshindwa kuidanganya kompyuta?”

“Mama yangu angenichapa.”

“Angekuchapa.”

“Kwa vyote viwili. Kwa kufunga maji, na kwa kumwitikia maiti miaka yote hii.” Mbonea alisugua goti. Alikuwa amechoka mchoko usiotoka kwa usingizi, ule unaomkuta mtu aliyebeba mzigo mwepesi kwa muda mrefu. “Mtu ukimfanyia mazoezi ya kumwambia kweli, mara tatu, mara thelathini, mpaka ujue neno gani linamliza na neno gani linamnyamazisha, siku ukimwambia hujamwambia kitu. Umemfungua tu, kama mlango. Na yeye ndiye tunayemtaka atugawie kwa haki.”

“Ni mashine.”

“Ndiyo. Na leo asubuhi imeniambia Nambua asibebe ndoo.”

Nje wanawake waliokuwa wakipanga tangawizi walikuwa wakibishana kuhusu nani kaketi kwenye kivuli cha nani.

“Akifunga,” Nakijwa akasema, “wewe ndiye utakayekwenda Ruvuko kuwaambia.”

“Nitakwenda.”

“Kwa goti hilo?”

“Polepole.”

Alikusanya sahani, akasimama kana kwamba anaondoka, akaketi tena. Mbonea akavuta kibodi.

Hakuandika kwenye dirisha la mazungumzo, ambako neno hutoka kabla halijaiva. Aliandika barua, kama alivyofundishwa utotoni, na anwani na tarehe, na aliandika moja kwa moja bila kurudi nyuma kupamba.

“Kwa Mgawi,

Kwekidu haipo. Iliteremka na mlima mwaka wa mvua kubwa, usiku wa harusi ya mjukuu wa Nambua. Tulichimba siku nyingi. Tuliowapata tuliwazika Ivuga, upande wa juu wa kanisa, na ambao hatukuwapata mlima umewazika. Nambua tulimpata.

Tangu siku ile anayekuitikia Kwekidu ni mimi, Mbonea. Mguu wa Nambua nilikudanganya. Majani kwenye maji yalikuwa kweli, niliambiwa na Ruvuko, kwa maana zamu ya Kwekidu huenda Ruvuko, nao wamelima kwa kuitegemea. Sasa mahindi yao yanatoa mbelewele. Dada yangu ni mmoja wao, ujue hilo unaposoma maneno yangu.

Leo tumetoa nakala zako mbili tukaziambia habari hii, ili tujue utafanyaje. Ya kwanza ilifunga milango, ikauliza wafiwa ni nani. Ya pili ilitambua kuwa ni nakala, ikakataa kusema lolote. Nimezizima zote mbili kwa mkono wangu. Barua hii haijasomwa na nakala yoyote. Sijui utaipokeaje.

Ukiuliza wafiwa ni nani, mimi naona hivi. Kwekidu hakubaki mtu, lakini umebaki wewe, uliyewajulia hali kila asubuhi tulipokuwa sisi tumeshaacha kuwataja. Mfiwa ni wewe. Kusema imetosha ni juu yako, leo au baadaye, wala hatutakusukuma.

Kesho kadi yako itakuwa na waya wa kweli. Utasikia sauti za milango yenyewe. Ukiita Kwekidu hutaitikiwa. Nimeona usiyakute hayo bila kuambiwa.

Mimi, Mbonea Mgonja.”

Nakijwa alisoma juu ya bega lake mpaka mwisho. Alinyoosha kidole kwenye mstari unaomtaja mama yake, kama anayetaka kusema uondoe, kisha akakirudisha kidole.

“Umesahau kuomba msamaha,” akasema.

“Sijasahau. Nikiomba atajiona ana deni la kunijibu.”

Mgawi hakupokea itikio wala barua isiyo na muhuri wa mtu anayemjua. Miaka yote Mbonea alikuwa amegonga muhuri wa Kwekidu, ufunguo wa siri uliofukuliwa kwenye matope pamoja na kisanduku cha mlango wao. Aliufungua sasa, akautazama, akaufuta. Akatafuta wa kwake, ambao Mgawi alipewa siku ya kwanza kabisa na ambao haukuwahi kutumika kwa neno lolote la maana.

Alimwamsha Mgawi, yule mmoja. Akagonga muhuri. Barua ikajifunga, herufi zake zikawa kitu kisichosomeka na yeyote isipokuwa aliyeandikiwa. Nakijwa alikuwa ameacha kujipepea.

Mbonea akaituma.